Daftari la Mzee Chil-bong

Kelele zilikuwa zinatoka ng'ambo, upande wa kaskazini, na hiyo ilikuwa siku ya nne. Kwa sikio husikii kitu. Lakini ukiwasha kile chombo cha setilaiti ndani ya mashua kinaanza kuweweseka: mara uko juu ya mlima, mara uko uwanja wa ndege wa Incheon, na wewe mwenyewe unajiona umefungwa kamba gatini kisiwani Sogumdo na paka anakutazama.

Watu wa Sogumdo wameshazizoea kelele hizo kama mtu anavyomzoea jirani mlevi. Zikija, hawatoki. Maana kaskazini ya kisiwa upo mstari wa mpaka ambao haukuchorwa majini, ila ole wake atakayeuvuka. Mvuvi asiyejua alipo, doria hawamfungulii njia.

Safari hii lakini kelele zilikuja siku mbaya. Msimu wa kaa ulikuwa unafungwa siku ile ile jua likizama, na nyavu zilikuwa bado chini. Sheria ya msimu haina huruma: atakayeacha nyavu baharini baada ya kufunga, kibali cha vuli hakipati. Tena kaa aliyekufa wavuni huoza, akauozesha na wavu wenyewe.

Yeon-sil alikuwa na safu nne za nyavu chini. Umri wake miaka hamsini na mitatu, na huo ndio ulikuwa msimu wake wa kwanza kushika usukani. Mumewe, In-gyu, aliteleza gatini mwezi wa tatu akavunjika nyonga, na mpaka leo yuko hospitali Incheon anafundishwa kutembea upya. Binamu za mumewe walimshauri akodishe nahodha mwanamume. Yeon-sil aliwasikiliza, akawapa chai ya shayiri, akawasindikiza mpaka mlangoni, kesho yake akawasha mwenyewe injini ya mashua yao, Haesong. Akipoteza kibali cha vuli, hatakuwa na la kujibu mbele yao, wala mbele ya In-gyu.

Kitu kimoja alikuwa nacho ambacho wengine hawakuwa nacho. Mwezi wa nne mhandisi mmoja alikuja kisiwani na kisanduku cha majaribio, akatafuta mashua ya kukifunga. Alisema hakitegemei setilaiti, kinasikiliza minara ya redio iliyosimama nchi kavu. Wavuvi walicheka. Walisema hiyo si ndiyo ile redio ya wazee, iliyotupwa enzi zile? Asiyecheka alikuwa mtu mmoja tu, Mzee Chil-bong, baba mkwe wa Yeon-sil, mwenye miaka themanini na moja.

"Kifunge kwetu," alisema. "Mimi na mashine hiyo tunajuana."

Mhandisi alipoondoka, Yeon-sil aliuliza kinafanyaje kazi. Mzee hakuwa mtu wa kujibu swali moja kwa moja. Alikohoa kwanza.

"Kitendawili!"

"Tega, baba."

"Nimesimama uani. Kushoto, mama anapiga nguo juu ya jiwe. Kulia, jirani anapiga zake. Wanainua rungu pamoja, wanashusha pamoja, hawapishani hata kidogo. Lakini mimi nasikia la mama kwanza, ndipo la jirani. Niko wapi?"

Yeon-sil alikuwa amekulia kwenye nyumba yenye jiwe la kupigia nguo. Hakufikiri sana. "Uko karibu na mama."

"Na nikitembea mpaka nikayasikia yote mawili kwa pamoja?"

"Uko katikati."

"Basi, umeshamaliza chuo. Minara ndiyo hao akina mama. Kisanduku kinahesabu nani amesikika kwanza na kwa tofauti gani, kinakupa namba. Na sauti ya minara hii ni nene, imetoka karibu. Ya setilaiti ni ya mtu anayenong'ona kutoka mbinguni, mwenye kelele yeyote anaifunika."

Tangu siku hiyo, kila walipokwenda kushusha nyavu, Mzee alikwenda nao. Alikaa kwenye kibanda cha usukani na blanketi magotini, penseli mkononi, akinakili namba za kisanduku kwenye daftari lenye jalada la ngozi. Yeon-sil hakumkataza. Chombo cha setilaiti kilikuwa kinaweka alama zote chenyewe, na yeye aliona daftari ni la kumfurahisha mzee.

Asubuhi hiyo ya siku ya nne Mzee alibaki nyumbani na kifua chake. Daftari lilikuwa kwenye droo ya mashua.

Saa kumi na mbili doria walimpa ruhusa, yeye peke yake kwa sababu ya kisanduku, mpaka saa kumi jioni. Ukungu ulikuwa mzito, gati huoni mwisho wake. Wanaume walikuwa wamekaa juu ya masanduku ya samaki wakivuta sigara. Du-sik, mwenye mashua ya jirani, alinyanyua kofia.

"Shemeji, ndiyo unakwenda na redio ya babu?"

"Nakwenda nayo."

"Ikikupigia muziki utuite tuje kucheza."

Alijibiwa na Deok-rye, mjane wa miaka sitini aliyekuwa akifanya kazi na Yeon-sil kwenye sitaha, mikono yake minene kuliko ya Du-sik. "Wewe kaa hapo hapo. Kaa wako wakianza kunuka tutakuletea ndimu."

Walicheka, lakini si sana. Kila mmoja pale alikuwa na nyavu chini.

Sasa sikia jambo la watu wa Sogumdo. Kwao hawaachi boya juu ya wavu. Boya ni kumwonyesha mwizi njia, na wezi wa kaa kwenye maji yale hawakosekani. Nyavu zinalala chini kimya, na mwenye nyavu anarudi kwa alama zake, anaburuta nanga ndogo ya makucha mpaka inase kamba. Kwa hiyo alama ikikosea, huna pa kushika. Rada nayo humwonyesha kisiwa kama doa la chai mezani. Kwa kutogonga mwamba inafaa, kwa kutafuta kamba ya unene wa kidole haifai.

Yeon-sil alichukua alama zilizohifadhiwa na setilaiti kabla ya kelele kuanza, akaziingiza kwenye kisanduku, akaifuata sindano. Ilisema amefika. Deok-rye akatupa nanga. Wakaburuta kwenda, wakaburuta kurudi, wakajaribu mara ya tatu. Ilipanda na tope jeusi na kiatu cha mpira.

"Cha mguu wa kushoto," alisema Deok-rye. "Tungepata na cha kulia tungekwenda sokoni."

Yeon-sil alikumbuka maneno ya mhandisi. Maji ya Sogumdo yalikuwa hayajapimwa bado. Sauti ya minara ikipita juu ya milima huchelewa kidogo, na mpaka watu waje wapime huko kuchelewa, kisanduku kikikupa alama za ramani kinaweza kukosea upana wa uwanja wa mpira, pengine zaidi. Mzee naye alishalisema hilo kwa lugha yake: "Mashine hii haijui vizuri uko wapi. Inachojua ni kukurudisha ulipokuwa. Sasa hao wanaotaka iwaambie wako wapi ndio wanaoiona mbovu. Namba zake za asili haziongopi: ukisimama pale pale utazisikia zile zile, leo na mwakani."

Akafungua droo.

Daftari lilinuka tumbaku. Mzee aliandika kizamani, mikia ya namba tu, kwa sababu vichwa havibadiliki. Safu ya kwanza: themanini na mbili nukta nne, thelathini na moja kamili. Yeon-sil alibadilisha kisanduku kionyeshe namba za asili, akageuza usukani kufuata mikia.

Namba zilipanda polepole. Sabini. Sabini na tatu. Ukungu haukuonyesha kitu. Deok-rye alisimama mbele na filimbi mdomoni. Sabini na nane. Yeon-sil alianza kuhisi kwamba wamekwenda mbali kuliko walivyokwenda siku ya kushusha, lakini ndani ya ukungu maili moja ni kama tatu, hakutaka kuamini hisia zake. Themanini. Themanini na moja.

Redio ikakohoa.

"Haesong, Haesong, hapa doria. Nakuona kwenye rada. Unakwenda wapi, mama?"

"Kwenye nyavu zangu."

"Umebakiza nusu maili kugusa mstari. Una hakika nyavu zako ziko upande huu?"

Yeon-sil alizima injini hapo hapo.

"Haesong, umenisikia? Ukisogea tena kaskazini nakurudisha gatini, na kibali kinaishia hapo."

"Nimesikia, ofisa. Nimesimama."

Deok-rye alikuja mlangoni mwa kibanda, filimbi bado mkononi. 

Yeon-sil alilishika daftari mkononi. Hawakushusha nyavu karibu na mstari, hilo alilijua kama anavyojua jina lake. In-gyu haukaribii mstari chini ya maili mbili, na yeye vile vile. Kwa hiyo kisanduku kimeharibika, au namba si za kweli. Akamkumbuka Mzee siku ya kushusha, penseli mkononi, na mkono wa kushoto ameukunja kuzunguka daftari kama mtoto wa darasa la pili anayemficha jirani yake asinakili.

"Mungu wangu," alisema. "Ameongopa."

"Nani?"

"Baba. Ameandika namba za uongo."

Deok-rye alikaa chini kwenye kamba. "Si ndivyo walivyokuwa wakifanya wote! Marehemu mume wangu alikuwa anaongeza. Kila nyumba na yake. Baba yake Du-sik alilichungulia daftari la baba mkwe wako mwaka gani ule, akaenda akashusha nyavu zote kwenye matope. Alivua makombe mwezi mzima."

"Na anaongeza ngapi?"

"Mimi nitajuaje? Siri kama hiyo mtu anampa mtoto wake wa kiume, au anakufa nayo."

In-gyu alikuwa Incheon, na simu hapo walipo haina hata kijiti kimoja. Ilibaki redio, ambayo kisiwa kizima kilikuwa kimeitegea sikio. Nyumbani Mzee alikuwa na yake jikoni, karibu na sufuria ya umeme ya wali, haizimi hata akilala.

"Baba. Baba, ni mimi, mama Bo-ra. Unanisikia?" aliita Yeon-sil, kwa jina la mwanawe kama walivyomwita nyumbani.

Kikohozi kirefu. "Nakusikia. Mmeshatoa safu ngapi?"

"Hata moja. Baba, namba ulizoandika zimenipeleka mstarini. Doria wamenisimamisha."

Kikohozi kingine. Kisha sauti ya Mzee ikarudi, ndogo. "Uliingiza kama zilivyo?"

"Nifanyeje tena, baba? Daftari linasema hivyo!"

"Miaka hamsini sijaandika namba ya kweli, mwanangu. Mkono wenyewe haujui. Ya pili ni sawa, ya kwanza ndiyo… imevaa koti."

"Basi nipunguze ngapi?"

"Siwezi kusema hapa. Wanasikiliza."

"Hatusikilizi, Mzee!" ilikuwa sauti ya Du-sik. Nyuma yake watu walicheka gatini.

"Umemsikia?" Mzee alisema. "Mtoto wa mwizi."

"Baba yangu alichungulia mara moja tu, na akajuta!"

Yeon-sil alikandamiza kidude cha redio mpaka kucha ikawa nyeupe. "Baba, nisikilize. Daftari ninalo mimi. Bila daftari, hiyo namba haimfai mtu."

"Daftari huibwa."

"Baba! Saa tatu sasa. Jua likizama nyavu zikiwa chini, vuli hatuna. In-gyu akirudi na fimbo yake nitamwambia nini? Kwamba kibali kimekwenda kwa sababu ya siri?"

Redio ilikwaruza. Yeon-sil alidhani mzee amekasirika. Halafu ikasikika sauti yake, na safari hii ilikuwa imenyooka.

"Kitendawili!"

Kutoka gatini, mashua kumi na mbili zikajibu kwa pamoja, na nadhani hata mtu wa doria alijibu: "Tega!"

"Sikuwategea nyie. Mama Bo-ra."

"Tega, baba."

"Siku ya kwanza ulipokaa kwenye meza yangu, bibi harusi na nguo zako mpya, uliniwekea ngisi mkavu. Nikatafuna, nikatafuna. Ukaniuliza swali ambalo bibi harusi haulizi. Marehemu mke wangu alidondosha kijiko. Mimi nikakujibu. Nilijibu ngapi?"

Du-sik hakungoja. "Alimwuliza umri wake! Hamsini na ngapi alikuwa?"

"Hapana," mwingine akasema, "alimwuliza ana mashua ngapi. Mabibi harusi wote huuliza hivyo."

"Moja! Punguza moja, shemeji!"

"Nyamazeni, mnaziba hewa," Deok-rye alifoka, akiwa ameegemea kwa Yeon-sil kuifikia redio.

Yeon-sil alikuwa amefumba macho. Aliiona meza. Ilikuwa ya miguu mifupi, mguu mmoja umewekewa karatasi. Alikuwa na miaka ishirini na minne, anaogopa kila kitu, na huyu mzee mwenye shingo nyekundu alikuwa anatafuna ngisi wake kwa uchungu unaoonekana, bila kulalamika. Alimhurumia. Maneno yalimtoka kabla hajayashika: Baba, una meno mangapi? Watu wote waliganda. Na yeye Mzee aliweka kipande chini, akapitisha ulimi mdomoni taratibu, juu, kisha chini, akihesabu kweli kweli, mbele ya wageni, akasema namba. Kisha akacheka mpaka akalia, na tangu siku hiyo Yeon-sil hakumwogopa tena.

Kumi na saba.

"Nimelipata jibu, baba," alisema redioni. "Sitasema."

"Hakika?"

"Wakati huo yalikuwa hayo. Sasa yamepungua."

Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Nenda kazini."

Themanini na mbili nukta nne, toa kumi na saba: sitini na tano nukta nne. Yeon-sil aliandika kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu ili asikosee, akamwita doria.

"Ofisa, hapa Haesong. Nageuka kusini."

"Vizuri. Na meno, je?" aliuliza ofisa.

Yeon-sil alishtuka. "Meno gani?"

"Umesema yamepungua, mama. Kitu gani kingine kinapungua kwa mzee?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Deok-rye alicheka. "Haya, wamejua. Wakamhesabu sasa."

"Hawataipata," alisema Yeon-sil. "Yaliyobaki ni tisa."

Mikia ilishuka. Sabini na tano. Sabini. Kwenye sitini na sita alipunguza mwendo, akaacha mashua iserereke. Sitini na tano nukta tano. Nukta nne. Namba ya pili ilikaa kwenye thelathini na moja kama kuku kwenye mayai.

"Tupa!"

Nanga ilizama. Wakaburuta polepole. Hakuna kitu. Deok-rye akaivuta, akatema mate, akatupa tena upande wa kulia. Kamba ikakaza. Mashua ikainama bega kidogo, kama mtu aliyeguswa kwa nyuma.

"Imenasa," Deok-rye alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Washa winchi."

Wavu wa kwanza ulipanda na kaa wamejaa, wengine wamelegea, wengi wazima, hawajaanza kuoza bado, ila ilikuwa dakika ya mwisho. Wanawake wale wawili walifanya kazi saa nzima bila kupumzika. Mmoja aliendesha winchi na kuelekeza mashua, mwingine alikunja nyavu na kutupa kaa kwenye vikapu. Safu ya pili, toa kumi na saba, ilinasa mara ya kwanza. Ya tatu vile vile. Ya nne ilikuwa imesogezwa kidogo na mkondo, ikawasumbua mpaka saa nane, lakini nayo ikapanda. Saa tisa na robo Haesong iliingia bandarini, nyavu zote juu ya sitaha, nyavu za mwisho zimewekwa juu ili ofisa wa msimu azihesabu kirahisi. Alizihesabu. Akapiga muhuri.

Du-sik alikuja kupokea kamba. Hakutania. Aliitazama ile milima ya nyavu, akakuna shingo.

"Shemeji, doria wananiruhusu nitoke nikiwa nyuma yako. Namba zangu ni za setilaiti, lakini nakumbuka niko nusu maili mashariki ya safu yako ya tatu. Ukinifikisha pale pale, nitaburuta mpaka nipate."

Kulikuwa na saa nne na nusu za mwanga. Yeon-sil alimtazama Deok-rye. Deok-rye alikuwa ameshajaza mafuta.

"Ruhusa yangu ni mpaka saa kumi," alisema Yeon-sil. "Ngoja niwaombe waongeze."

Waliongeza. Wakatoka tena na mashua nne nyuma yao, kama bata. Tatu zilipata nyavu zake zote. Ya Du-sik ilipata nusu, na kwa nusu iliyobaki ofisa aliandika kwamba alijaribu, msimu wa vuli watakaa wazungumze.

Usiku ule mezani Mzee Chil-bong aliletewa kaa mkubwa kuliko wote, jike, mayai yamejaa. Yeon-sil alimvunjia magamba kwanza, akamtolea nyama kwa kijiko, kwa sababu tisa si kumi na saba. Mzee alikula yote. Alipomaliza alifuta vidole, akasukuma kitu mezani. Kilikuwa kifutio cha penseli.

"Nimefikiri," alisema. "Nilikaribia kukupotezea mashua. Niletee daftari niandike za kweli."

Yeon-sil alilitoa daftari, lakini hakumpa. Alichukua penseli, akafungua ukurasa mpya, akaandika juu neno Vuli.

"Vuli nitaandika mimi, baba. Na namba nitazivalisha koti mimi. In-gyu nitamwambia, na Deok-rye."

"Na mimi?"

"Kitendawili," alisema Yeon-sil, akimwongezea supu.

Mzee aliweka kijiko chini na kunyoosha mgongo. Macho yake yalikuwa yanang'aa. "Tega."